Mikono ya Kimya

Siku Shangazi alipoingia na habari zake, Kimya alikuwa amepakata mguu wa mwanamke, anausugua kwa msasa. Usishtuke. Mguu ulikuwa wa plasta. Fundi wa nyumba ile kazi yake ilikuwa kutengeneza sanamu zinazovalishwa nguo madukani, zile zilizovunjika vidole, zilizong'oka mkono au kupasuka uso, na kusugua alimwachia Kimya kwa sababu mtoto yule alikuwa na subira kuliko vijana wote aliowahi kuwaajiri. Alikuwa na miaka minane. Ukimpa mguu asubuhi, mchana anakurudishia mguu laini usio na doa, na hajasema neno. Jina la Kimya alikuja nalo kutoka kituo cha watoto, miaka miwili nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, ni mwanamke wa kuingia nyumba ya mtu bila hodi na kufunua sufuria kabla hajaketi. Siku hiyo hakufunua kitu. Alipita uani, akachungulia karakana, akamwona mtoto na ule mguu, akashika kifua. Kimya akamwamkia. Shangazi hakuitikia, akaenda moja kwa moja chumbani kwa wifi yake.

Mke wa Fundi alikuwa ananyonyesha. Mtoto wa kiume, miezi saba, mnene hadi mikono ina mikunjo, ndiyo maana wakamwita Kibonge. Alikuja baada ya miaka kumi na moja ya kungoja, mwaka na kitu tu baada ya Kimya kuletwa, na mke wa Fundi hakuona haya kumwambia kila mtu kwamba yule binti ndiye aliyemfungulia njia.

"Wifi," Shangazi alisema, bado amesimama. "Unajua unamlea mtoto wa nani?"

Kisha akayamwaga yote. Kwenye foleni ya hospitali alikuwa amekaa na mwanamke aliyewahi kupika kule kituoni, na maneno yakaleta maneno. Baba yake Kimya yuko gerezani, na hatoki. Alimuua mkewe. Mtoto alikuwa na miaka minne, na majirani walipovunja mlango walimkuta ameketi pembeni ya mama yake, ametulia, hata machozi hana. Huko ndiko jina lilikotoka.

"Kwa mikono," Shangazi alisema. "Hakushika kisu wala rungu. Alimkaba kwa mikono hiyo hiyo ya kulia chakula."

Mke wa Fundi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Kisha akamwita mumewe. Fundi alikuja akipangusa vumbi jeupe, na kabla hajaulizwa mara mbili akakiri. Ndiyo, alijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili, aliisoma siku ya kumchukua mtoto, mkewe akiwa chumba cha pili anatia sahihi. Mkewe akamuuliza kwa nini alimficha. Fundi akasema kwamba mtoto hakuua mtu.

Lilikuwa jibu zuri, tena la haki, na lingetosha kabisa kama lingetolewa miaka miwili nyuma. Lilipotolewa siku ile, mbele ya dada mtu, lilisikika kama mwizi anayejieleza. Tangu hapo mkewe hakumwita tena Baba Kimya. Alianza kumwita Baba Kibonge, na Kimya, aliyekuwa nje ya dirisha na msasa wake, alisikia jina jipya likitumika kwa mara ya kwanza.

Jamani, macho ya binadamu! Mtoto hakubadilika hata chembe. Alikuwa yule yule, anasimama mlangoni dakika nyingi bila kusema anataka nini, anaungua na pasi bila kulia, anamtazama Kibonge akilala huku midomo inacheza kana kwamba anahesabu pumzi. Wiki iliyopita mambo hayo yalikuwa ya kusimulia wageni, kwamba tumepata mtoto mtulivu, mstahimilivu, anayempenda mdogo wake. Sasa mke wa Fundi alikuwa akigeuka jikoni, anamkuta mlangoni, na mwili unamsisimka.

Kwanza visu vilihama. Kimya alienda kumenya viazi kama kila siku, akapapasa pale kisu kinapokaa, hapana kitu. Akauliza. Akaambiwa aache, akae tu. Kesho yake nepi za Kibonge, alizokuwa akizifua yeye, zilifuliwa na Shangazi, ambaye alikuja kwa siku tatu na akakaa wiki tano. Kisha kikombe chake kikatengwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini, maana hata wao wasingeweza kueleza kikombe kinahusikaje na mauaji. Mwisho wakamhamishia stoo, kulala kati ya magunia ya plasta, na komeo la mlango likang'olewa ndani na kupigiliwa nje.

Aliyelipigilia ni Fundi mwenyewe. Nisimfanye mtu mbaya, hakuwa mbaya. Alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaopenda amani kiasi cha kumwachia kila mwenye sauti kubwa. Aligonga misumari, akarudisha nyundo, akaenda kujificha kazini.

Karakana ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Ndani yake sanamu thelathini na kitu zilisimama zimegeukia ukuta, maana mwalimu wa Fundi alimzoesha kwamba sanamu isiyopakwa macho haigeuzwi kutazama watu. Kwa hiyo ukiingia unakuta migongo mitupu, visogo visivyo na nywele, na kwenye rafu mikono imelazwa safu, viganja juu. Mke wa Fundi hakuwahi kurudi mle tangu ujauzito wake. Mchana mmoja wakati huo aliingia kumwita mumewe, na alipotoka aliapa kwamba mojawapo imevuta pumzi. Chakula cha Fundi kilipelekwa na Kimya. Kimya hakuziogopa kabisa. Alizipita katikati na sahani mkononi, na akigusa bega la mojawapo kwa bahati mbaya aliiomba samahani.

Katika wiki zile, mtoto alianza kukaa zaidi huko kuliko ndani. Alijifunza kukoroga plasta isifanye madonge, kuziba ufa, kumtazama Fundi akishika na kufungua na kusikiliza. Fundi alimfundisha kwa furaha, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumwambia mtu kwamba anampenda.

Ilikuwa Jumatano, kama saa tatu asubuhi. Mke wa Fundi alimwacha Kibonge kitandani, akatoka na beseni kwenda kuanika. Vibanio vikamwishia, akarudi ndani kuchukua vingine.

Kimya alikuwa ameinama juu ya kitanda. Mikono yake miwili ilikuwa imezunguka shingo ya Kibonge, vidole gumba mbele, kooni, vinabonyea. Macho ameyafumba. Sikio lake ameliweka karibu kabisa na mdomo wa mtoto, kama anayengoja kusikia kitu kikiisha. Na kilichomtisha mama zaidi, alivyosimulia baadaye, ni kwamba Kibonge hakulia. Alikuwa ametulia chini ya ile mikono, anatazama dari.

Beseni lilianguka. Alimvuta yule binti kwa nywele hadi ukutani, akampiga, akampiga tena, na yeye mwenyewe akawa analia kwa sauti asiyoitambua. Shangazi akaja mbio. Kimya hakujikinga uso. Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi alisema maneno manne tu.

"Mama, nilikuwa sijamaliza bado."

Shangazi alikaa chini pale pale. Kumaliza nini? Swali lilikuwa hilo moja, dogo, na lingejibiwa kwa nusu dakika. Hakuna aliyeliuliza. Ukishajua jibu huulizi, na wao walidhani wanalijua.

Barua iliandikwa mchana huo huo. Ofisi ya ustawi wa jamii iombwe kumrudisha mtoto kituoni, kwa kuwa amejaribu kumkaba mdogo wake. Fundi aliisoma mara mbili. Aliuliza kama ni kweli, mkewe akamwambia ameona kwa macho yake mawili, je, anataka wangoje hadi wamzike Kibonge? Akatia sahihi, na kidole chake kikaacha alama nyeupe pembeni ya karatasi. Alhamisi Shangazi aliipeleka kwa mkono wake, akarudi na jibu kwamba mama mmoja wa ustawi atafika Jumatatu.

Siku zile Kimya alikaa stoo, mlango umefungwa, sahani inasukumwa ndani na kutolewa. Shangazi ndiye aliyekuwa akikaa karibu na mlango akichambua mchele, na nataka ieleweke kwamba hakuwa na chuki. Alikuwa amezika watoto wake wawili wakiwa wadogo kuliko Kibonge, na hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Aliona heri mtoto ajue ukweli wake mapema, ajilinde na alinde wenzake. Kwa hiyo alimweleza kupitia mlangoni, taratibu, kama anayemfundisha sala. Alimwambia baba yake alifanya nini. Alimwambia kwamba kitu kile hurithiwa, na kwake yeye kiko mikononi, kimelala.

Kimya alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Shangazi, kitaamka lini?"

"Hakisemi. Baba yako siku ile aliamka vizuri, akanywa chai kama watu."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Hutajua. Ndiyo maana usimguse mtoto. Akilia usimguse. Akikunyooshea mikono usimguse. Umenielewa?"

Sauti ya ndani ikasema ameelewa, asante Shangazi.

Kwa kuwa Kimya alikuwa amefungiwa, na Shangazi alikuwa amekwenda sokoni, Jumamosi ilibidi mke wa Fundi apeleke chakula cha asubuhi karakana mwenyewe. Alimfunga Kibonge mgongoni, akashika sahani, akasimama mlangoni kwa muda akijipa moyo. Mle ndani mwanga ulikuwa ukiingia kwa matundu ya mabati. Migongo yote ilikuwa pale pale.

Mumewe alikuwa amempa mgongo pia, ameinama juu ya meza. Juu ya meza amelazwa mwanamke asiye na macho, na mikono ya Fundi imemzunguka shingo, vidole gumba mbele, kooni, vinabonyea taratibu. Macho ameyafumba. Sikio lake liko karibu kabisa na mdomo wa sanamu.

Mke wa Fundi alitaka kukimbia na hakuweza. Akasimama na ile sahani hadi mumewe aliponyanyuka, akaizungusha sanamu ubavu, akaanza tena.

"Unafanya nini?" aliuliza.

Fundi alishtuka kumwona pale. Akasema anasikiliza shingo. Akaeleza, kwa ile furaha ya fundi aliyeulizwa kazi yake, kwamba sanamu huanza kufa shingoni. Ufa hauonekani, lakini ukibonyeza kidogo na kutega sikio mdomoni, kama upo utausikia, mlio mdogo sana, maana ndani ni tupu na sauti inapanda. Unasikiliza mara tatu, mbele, nyuma, ubavuni. Mara moja haitoshi. Hufanya hivyo kila asubuhi, kwa kila sanamu anayoithamini, kabla hajaanza jambo lingine lolote.

"Nani amekuona ukifanya hivyo?"

"Nani anaingia humu? Kimya tu. Aliwahi kuniuliza, nikamwambia kitu unachokipenda unakisikiliza shingo kila siku, kisije kikakuvunjikia hujui."

Waliangaliana. Sahani iliwekwa mahali, hakuna aliyekumbuka wapi, na mke wa Fundi akakaa kwenye vumbi la plasta na mtoto wake mgongoni. Kimya hakuwa amemaliza, alisema. Mara tatu, na alikuwa amefanya mara moja. Mumewe akajibu kwamba hata yeye aliambiwa maneno hayo ya mtoto, Jumatano ile ile, na hakuyaunganisha. Hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Hakuyaunganisha kwa sababu kuyaunganisha kungemlazimu kubishana na dada yake.

Walienda kufungua stoo pamoja. Kimya alikuwa ameketi juu ya gunia, amekalia mikono yake. Mama alimkumbatia, akamlowesha kichwa kwa machozi, akamwambia mambo yamekwisha, walikosea, atalala chumbani kwake leo leo. Mtoto akasema haya. Fundi alipiga lile komeo mpaka likang'oka. Barua ilikuwa imeshafika na ofisi zimefungwa hadi Jumatatu, lakini watamweleza yule mama, ataelewa. Jioni ile Kimya aliwekewa nyama nyingi kuliko baba mwenye nyumba. Wakubwa ndivyo tulivyo. Neno samahani linatukwama, tunapakua.

Shangazi aliporudi na kuelezwa, alikubali kwamba ya shingo yameeleweka. Aliyoyasema mlangoni hakuyataja. Hata hakukumbuka kwamba yanahitaji kufutwa.

Jumapili baada ya chai, mke wa Fundi alifanya jambo la makusudi kabisa. Alitaka mtoto aone kwamba anaaminiwa, na alitaka kujionea mwenyewe kwamba anaamini. Alimlaza Kibonge katikati ya kitanda kikubwa, akamwita Kimya, akamkalisha pale ukingoni, akamwambia akae na mdogo wake, yeye yuko jikoni. Akatoka bila kugeuka nyuma. Kwake ilikuwa ndiyo njia ya kuomba radhi, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko wiki zote zile.

Kibonge siku hizo alikuwa amejifunza kujiviringisha. Alifurahi kumwona dada yake, maana siku nyingi hakumwona karibu. Akajiviringisha mara moja kuelekea kwake. Kimya akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Kibonge akacheka, akajiviringisha tena.

Kule jikoni mama alisikia sauti ya mtoto wa kike ikiita Mama, Mama, anaanguka, Mama njoo, na ilimchukua muda kujua ni ya nani, kwa kuwa hakuwahi kuisikia ikipazwa. Alikimbia. Alifika mlangoni wakati Kibonge anapita ukingo wa kitanda. Kimya alikuwa hatua moja tu kutoka pale, mdomo wazi, anapiga kelele, machozi yanamtiririka, na mikono yote miwili ameificha nyuma ya mgongo.

Sakafu ilikuwa ya saruji.

Namshukuru Mungu kwamba mifupa ya watoto ni laini. Daktari alisema ni mtulinga tu, ule mfupa kati ya shingo na bega, umevunjika, utaunga wenyewe, akamfunga mkono kifuani kwa bendeji. Nyumbani, sebuleni, Shangazi alisema alichokuwa anakisubiri kukisema. Kimya alisimama pale akimtazama mdogo wake akianguka, alisema. Hatua moja. Angenyoosha mkono tu.

"Niliita," Kimya alisema.

Mama akamuuliza kwa nini hakumdaka. Kimya alimwangalia Shangazi, kisha akaangalia chini. Alisema haruhusiwi kumgusa. Shangazi akajishughulisha na kanga yake. Mama akasema kwa ukali kwamba anaruhusiwa, tangu jana anaruhusiwa, nani amesema haruhusiwi? Na mtoto akaitikia ndiyo mama, kwa adabu ile ile aliyokuwa akiitikia kila alichoambiwa na mtu mzima.

Jumatatu Fundi alivaa mapema awahi ofisini, lakini mama wa ustawi alikuwa na nyumba nyingine tatu siku hiyo, akaanza na yao. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, ana faili na kalamu, na viatu vimeliwa upande. Alikaa kwenye kochi, akasoma barua kwa sauti, akamtazama mtoto mwenye bendeji.

Shangazi alikohoa. Mke wa Fundi akamwahi. "Wifi, leo niachie mimi," alisema, na akaeleza mwenyewe kila kitu, shingo, karakana, visu, kikombe, stoo. Hakuficha kwamba alimpiga. Hakuficha kwamba kuanguka kule ni yeye aliyemwacha mtoto wa miezi saba kitandani. Fundi akatakiwa kuonyesha, akaleta kichwa cha sanamu, akakishika shingo na kusikiliza mara tatu mbele ya mgeni, jasho linamtoka. Wote wawili waliomba barua ile ichanwe na binti yao abaki.

Mama wa ustawi aliweka kalamu chini. Alisema ameingia nyumba nyingi katika kazi hii, na wazazi waliomwambia wamekosa anaweza kuwahesabu kwa vidole. Alikuwa amewaamini, ilionekana wazi. Aliomba kitu kimoja tu, awaone watoto pamoja, ili aandike alichokiona. Binti amshike mdogo wake.

Mama alimbeba Kibonge, akampeleka. Kibonge alipomwona dada yake aliinama mzima mzima kwa mkono wake mmoja uliobaki huru, anacheka, anataka apokewe. Kimya alirudi hadi mgongo ukagota ukuta. Mikono haikuonekana. Mama akasema mshike tu mwanangu, hatakuuma, mimi niko hapa. Akajaribu kumvuta kiwiko kwa upole, na mtoto yule, ambaye hakujikinga siku ya kipigo, sasa alipambana naye kwa nguvu zake zote ili mikono isije mbele.

"Mama, usinilazimishe," alisema. "Tafadhali."

Mama wa ustawi aliinuka, akamwendea, akachuchumaa. Akamuuliza kama anataka kubaki hapa au anataka kurudi kituoni.

"Nataka kubaki," Kimya alisema mara moja. Alimtazama Kibonge kwa muda mrefu. "Lakini nipeleke."

"Kwa nini nikupeleke na unataka kubaki?"

"Hakisemi siku kitakapoamka. Kikiamka, afadhali niwe mbali naye. Yeye bado mdogo."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Hapa nyumbani," alijibu.

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Fundi alikuwa bado ameshika kichwa cha sanamu na hakujua akiweke wapi. Mke wa Fundi alipiga magoti, akamwambia Kimya kwamba si kweli, hakuna kitu mikononi mwake, ni mikono tu, mizuri, ya mtoto. Alimwambia hivyo mara nyingi, kwa kila namna aliyoijua, na uchungu ulimkata kwa sababu kila alichosema mtoto alikiitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, na hakuamini hata neno. Ya Shangazi aliyaamini kwa siku nne, mlango ukiwa umefungwa. Ya mama yake yalikuja yamechelewa, mlango ukiwa wazi.

Mama wa ustawi alirudi kwenye kochi na kuandika. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika nusu ya ukurasa wa pili. Alisema itakuwa kwa muda, wataalamu wazungumze na mtoto, na wao wataruhusiwa kumtembelea. Kisha akafunga faili na kuuliza viatu vya mtoto viko wapi.